Siku sita Avignon, nikilala kwenye hema

Ijumaa, 4 Julai 2025

"Hema?" aliuliza wifi yangu. "Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mwalimu mzima, unakwenda kulala kwenye hema?"

Wifi ni Mkomoro, mjane wa kaka yangu, anakaa Marseille, mitaa ya kaskazini. Kiswahili chake amekipatia kwenye ndoa, na akikasirika kinachanganyika na Kingazija na Kifaransa mpaka unabaki kusoma mikono. Nilimpigia hesabu. Mwezi wa saba kuna tamasha kubwa la maigizo Avignon, kusini mwa Ufaransa, na vyumba vinapanda bei kama ndizi mbivu za Ramadhani, na michezo ya usiku inaisha treni za kurudi Marseille zimeshalala. Kwa hiyo nimekopa hema la mwanawe, godoro la kujaza upepo na sufuria moja. Alipoona sitanii akanifungia chapati sita kwenye foili na pilipili ya kusaga kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.

"Si twende wote," nikamwambia. Miaka ishirini na sita yuko Marseille, saa moja na ushei kwa treni ya kawaida, na hajawahi kukanyaga tamasha hilo.

"Na ofisi zangu atasafisha nani?"

Basi nikapanda peke yangu. Kambi yenyewe ipo kisiwani Barthelasse, katikati ya mto Rhône, na ng'ambo unauona mji wote: ukuta wa mawe, jumba la mapapa limeinuka kama mlima, na lile daraja la Mtakatifu Bénézet lililokatika. Lilikuwa na matao 22, yamebaki manne. Mengine yalikwenda na mto. Kutoka kisiwani hadi mjini kuna kivuko cha bure. Ni Kigamboni kasoro bajaji na wauza korosho.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: jua huku linazama saa tatu na nusu usiku. Nimekaa nje ya hema na chapati yangu nikingoja magharibi iingie, majirani Wajerumani wameshalala.

Sababu ya kuja ni mbili. Ya kwanza ni ya zamani. Nilipokuwa nasoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulifundishwa habari za Malya, kijiji cha Kwimba, ambako mwaka 1982 na 1983 walimu wa idara yetu, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kuchimbua na wanakijiji kwa nini mabinti wanapata mimba wakiwa shuleni. Hawakupeleka mchezo kutoka Dar. Waliuliza, wakasikiliza, vijana wa pale pale wakatunga na kucheza, kisha wazazi na viongozi wakabishana hadharani. Muhula huo huo, darasa jingine, tukasikia jina la Jean Vilar na Avignon: Mfaransa aliyesema maigizo yawe huduma ya umma kama maji, gesi na umeme. Nikaandika kwenye daftari, "Maji ya bomba, nani anayafikia?" Daftari limepotea, swali bado ninalo.

Sababu ya pili ni binti wa dada yangu aliyeko Muscat. Hiyo ni ya Jumapili.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeingia mjini asubuhi kabla joto halijachachamaa. Wiki mbili zilizopita Ufaransa nzima ilikuwa inaungua, na mawe ya mji huu bado yanatoa joto kama jiko lililozimwa punde.

Mtu asiyeufahamu mji huu mwezi wa saba atadhani kuna uchaguzi. Kila nguzo, kila geti, kila dirisha lenye nondo limefungwa mabango kwa kamba. Hayo ni ya Off. Maana hapa kuna matamasha mawili yanayokaa nyumba moja. Lile rasmi, wanaloliita In, lina michezo kama arobaini iliyoalikwa na kulipiwa. Lile la nje, yaani Off, lina zaidi ya 1,500, kila kikundi kimekuja kwa gharama zake, kimekodi ukumbi kwa saa, na tangu asubuhi waigizaji wanazunguka mitaani wakigawa vipeperushi. Ndani ya nusu saa nilikuwa navyo kumi na saba. Kimoja nimepewa na mtu aliyevaa kama jokofu.

Mchana nimekwenda kwenye Nyumba ya Jean Vilar, nikasoma tamasha lilivyoanza. Mwaka 1947 kulikuwa na maonyesho ya sanaa ya kisasa kwenye jumba la mapapa, na mwandalizi wake, Christian Zervos, akamwomba Vilar alete mchezo mmoja aliokwisha kuucheza Paris. Vilar akakataa, akisema uwanja ule wa ndani ni mkubwa mno. Halafu akarudi na sharti lake: si mmoja, ni mitatu, na yote iwe haijawahi kuonekana Ufaransa. Mwezi wa tisa wakaifanya, vita ina miaka miwili tu tangu iishe, na mji una majengo yaliyobomolewa na mabomu. Waliingia watazamaji wapatao 4,800. Waliolipa ni 2,900. Nilipoiona hesabu hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe hata baba wa tamasha alianza kwa kujaza viti kwa wageni waalikwa, kama sisi tunavyowaita wazazi siku ya mahafali.

Jioni nilisimama nje ya jumba na kipande cha boksi nimeandika kwa Kifaransa cha shuleni kwamba natafuta kiti kimoja. Ndiyo desturi, tulikuwa kama thelathini na maboksi yetu. Saa moja na nusu imepita, mama mmoja mzee akanijia, mumewe anaumwa mgongo, tiketi ya pili haina mtu. Nikatoa pesa. Akapokea nusu, akasema nusu nyingine ni zawadi ya boksi, kwa kuwa nimekosea herufi vizuri.

Uwanja wa Heshima, ndivyo unavyoitwa, unabeba watu kama 2,000 kwenye ngazi za chuma, na mbele yako ukuta wa karne ya 14 unaokufanya ujione sisimizi. Mbayuwayu wanazunguka juu wakipiga kelele mpaka giza liingie. Kisha tarumbeta. Ni wito uliotungwa na Maurice Jarre enzi za Vilar, na hadi leo mchezo hauanzi bila huo. Niliona nywele zinanisimama.

Mchezo wa kufungua ulikuwa wa Marlene Monteiro Freitas, mwana wa Cabo Verde, jina lake NÔT, yaani usiku kwa Kikrioli cha kwao. Umechukua mbegu kwenye Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo sisi wa pwani tumelala nazo: mwanamke anasimulia ili asichinjwe alfajiri. Lakini usitegemee kumsikia Shahrazad akisimulia. Ni miili, ngoma, vinyago vyenye sura za wanasesere, mashuka yenye damu. Mmoja wa wachezaji ni Mariana Tembe wa Msumbiji, ambaye hana miguu, na aliposhika jukwaa nilisahau kuwa ngazi za chuma zinaumiza. Kuna sehemu nilipotea kabisa. Sikuwa peke yangu: watu walianza kuinuka na kuondoka, na kwenye ngazi zile kila anayeondoka anasikika ko, ko, ko mpaka chini. Mama mzee wangu alinikunja mkono akaninong'oneza kitu. Nadhani alisema hivi ndivyo walivyo kila mwaka.

Nimerudi kisiwani kwa miguu kupitia daraja kubwa, saa saba usiku. Kivuko kimelala.

Jumapili, 6 Julai

Binti wa dada yangu ana miaka ishirini na saba. Alitoka Tanga kwenda Muscat kufanya kazi za ndani, huu mwaka wa tatu. Nyumba ya kwanza walimchukulia pasipoti uwanja wa ndege, wakamlaza chumba cha mashine ya kufulia, simu akipewa Ijumaa kwa dakika kumi. Kutoka pale kulimchukua miezi kumi na moja na machozi ya watu wengi. Sasa yuko kwingine, analipwa rial 90 kwa mwezi na simu anayo. Nilipomwambia kuna mchezo Ufaransa unaohusu mabinti wa kazi za ndani Uarabuni alinijibu kwa sauti: "Mamdogo, nani kawaambia?"

Mwaka huu lugha ya heshima ya tamasha ni Kiarabu. Tiago Rodrigues, Mreno anayeliongoza, mgeni wa kwanza kukikalia kiti hicho, kila mwaka anaalika lugha badala ya nchi. Ilianza Kiingereza, ikaja Kihispania. Ndiyo maana Ali Chahrour, mtunzi wa ngoma wa Beirut, yupo hapa na kazi yake ambayo kwa Kiswahili ningeiita "Nilipoiona Bahari".

Ukumbi unaitwa La FabricA. Umejengwa mwaka 2013 nje kabisa ya ukuta, nyuma ya reli, kati ya mitaa ya Monclar na Champfleury. Ukipita chini ya reli mji unabadilika ghafla. Mabango yanakwisha. Unaanza kuona maghorofa ya kupangisha, nguo kwenye vibaraza, duka la nyama halali, wazee wa Kimoroko wamekaa kivulini. Waliliweka jengo huku makusudi, lisiwe la wenye mji wa ndani tu. Nilisimama nje dakika ishirini nikiwahesabu wanaoingia. Karibu wote walitoka upande niliotoka mimi, na vikapu vya majani na kofia za jua. Wale wazee kivulini waliwatazama wakipita kama watu wanaotazama msafara wa harusi wasiyoalikwa.

Mwanzo wa mchezo nilikuwa bado na uchungu huo. Ulinitoka.

Jukwaani wapo wanawake watatu, Zena Moussa, Tenei Ahmad na Rania Jamal, pamoja na wanamuziki wawili. Wanayoyasimulia wameyaishi. Lebanon, kama sehemu kubwa ya Uarabuni, ina mfumo wa kafala: kibali chako cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri, kafili wako, na sheria ya kazi ya mwaka 1946 iliwatoa wafanyakazi wa ndani tangu siku ilipoandikwa. Ukitoka kwenye nyumba bila ruhusa yake, wewe ndiye mkosaji. Halafu vuli ya mwaka jana mabomu yalipoanguka, waajiri wengi walikimbia na wakawaacha mabinti, wengine milango imefungwa kwa nje. Waliofanikiwa kutoka walilala barabarani na ufukweni Beirut.

Kiarabu changu ni cha madrasa, kile cha kusoma bila kuelewa. Tafsiri ya Kifaransa ilikuwa inapita juu ukutani na mimi nachelewa kuisoma. Lakini neno bahr halikusubiri tafsiri. Na kuna wakati mmoja wao aliinua sauti akaimba, taratibu, kama mtu anayeimba huku akipiga deki, na hapo sikusoma tena kitu. Dada yangu huimba hivyo.

Ninachotaka kukiweka hapa kabla sijakisahau ni namna walivyosimama. Nimefundisha waigizaji miaka mingi. Najua mtu anayeigiza maumivu anavyoinamisha shingo. Hawa hawakuinamisha. Walitutazama. Ni sisi tulioanza kutazama chini. Mwaka 1999 hapa hapa Avignon kikundi cha Groupov kutoka Liège kilileta kazi yao kuhusu Rwanda, na aliyefungua alikuwa Yolande Mukagasana, mama aliyenusurika mauaji ya 1994, akisimulia yaliyompata yeye. Tulisoma habari zake chuoni nikajiuliza kama hiyo ni sanaa au ushahidi. Leo swali lenyewe nimeliona la kivivu.

Watu walisimama, makofi yasiyoisha. Mama aliyekaa kulia kwangu alikuwa analia kwelikweli, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, akasema nyumbani kwake Aix kuna mwanamke Mkomoro anayekuja kusafisha mara mbili kwa wiki. Halafu akanyamaza. Nilidhani ataendelea, lakini alitafuta miwani yake kwenye mkoba, akaipata, akaniaga kwa kichwa.

Nimemrekodia binti sauti ya dakika kumi na nne nikitembea kurudi mjini. Imeonyesha tiki mbili. Hajasikiliza, Jumapili kule wana wageni.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeamka na mgongo. Godoro linavuja.

Asubuhi nimekwenda uwanja wa Carmes, kwa kuwa hapo ndipo Off ilipozaliwa. Mwaka 1966 André Benedetto, mtu wa Marseille aliyekuwa na ukumbi wake mdogo hapo, alicheza mchezo wake wakati wa tamasha la Vilar bila kualikwa na mtu. Mwaka uliofuata akacheza habari za napalm na Vietnam. Hakuwa anaanzisha tamasha, alikuwa anafanya kazi yake. Wengine wakafuata nyayo, na alipofariki Julai 2009, tamasha likiendelea, mabango yalikuwa yameshaufunika mji mzima. Ukumbi wake bado upo. Unapakana na kibaraza cha watawa ambako mwaka 1968 Living Theatre, kikundi cha Kimarekani cha kina Julian Beck na Judith Malina, walicheza, kisha wakataka kucheza mitaani bure, wakuu wa mji wakakataa, nao wakafunga mizigo. Inashangaza mji unavyokusanya ugomvi wake wote kwenye kiwanja kimoja chenye miti na mabenchi.

Kwenye kibaraza hicho hicho, usiku wa tarehe 18, Milo Rau na Servane Dècle wataendesha usomaji wa kesi ya Pelicot, ile ya ubakaji iliyosikilizwa mjini hapa mwaka jana. Nitakuwa nimeshaondoka. Mjini hakuna mtu asiyeizungumzia.

Mchana nilikuwa Mtaa wa Teinturiers, mtaa wa watia rangi, kando ya kijito chenye magurudumu ya maji yaliyoota kuvu, nimeketi ukingoni nakula chapati ya mwisho na pilipili. Kijana mweusi mrefu akanijia na vipeperushi, akaanza Kifaransa chake cha kuvutia wateja, kisha akaona kichupa.

"Ile ni pilipili ya kwetu," akasema kwa Kiswahili.

Anatoka Bukavu. Tukasalimiana upya, yeye kwa heshima zote za Kikongo, mimi nikijitahidi kufuata Kiswahili chake. "Mama, miye niko nacheza saa kumi. Kuya utuangalie." Wako wawili, mchezo wa dakika sitini na tano juu ya vijana wa Lyon wanaosambaza chakula kwa baiskeli bila karatasi. Asiye na kibali hawezi kufungua akaunti ya kazi hiyo, kwa hiyo anakodi ya mwenzake na kumkatia fungu la kipato kila wiki. Yeye mwenyewe amefanya kazi hiyo miaka miwili kabla hajapata makaratasi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa zamani karakana, una viti 49. Feni moja. Tulikuwa watazamaji kumi na mmoja, pamoja nami na mtu mmoja aliyelala. Ila nikwambie ukweli: mchezo ulikuwa mzuri kuliko vingi nilivyoviona kwenye kumbi zenye viyoyozi. Baiskeli moja imening'inizwa, wanaiendesha hewani, simu inalia, mteja anafungua mlango kila mara ni mtu mwingine, na wewe huwaoni wateja bali mikono yao tu, inayotoka pazia la nyuma kuchukua mfuko. Mkono mmoja ulitoa bakshishi ya senti 20. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja, na hicho ni kitu kigumu kukipanga.

Walipoinama kutoa shukrani, kikundi kinachofuata kilikuwa tayari mlangoni na masanduku. Ukumbi mmoja unabeba michezo sita, saba kwa siku, na kati ya mmoja na mwingine kuna dakika chache za kubomoa na kujenga. Nikawasaidia kutoa baiskeli. Barabarani nikamuuliza wanalipaje. Akanieleza: kukodi saa yao kwa wiki tatu ni maelfu ya euro, wamelipa kabla hata ya kufunga bango la kwanza, wanalala wanane kwenye chumba kimoja, tumaini lao si hawa kumi na mmoja bali mtu mmoja mwenye ukumbi wa mji mdogo huko Brittany au popote, akae siku moja kwenye kiti, aupende, aununue kwa msimu.

"Kwa hiyo mnacheza kwa ajili ya mtu ambaye hamjui kama yumo?"

"Njo vile, mama. Kila siku tunamutafuta kwa sura. Leo tulizani ni yule alilala."

Nilimwachia kichupa cha pilipili.

Binti amesikiliza. Hajajibu.

Jumanne, 8 Julai

Usiku upepo umekuja. Wanauita mistral, unashuka na bonde la Rhône kutoka kaskazini, mkavu, hauna huruma. Saa tisa usiku hema lilikuwa linanipiga makofi usoni. Majirani Wajerumani wakaja na nyundo wakanisaidia kukaza vigingi, bila neno hata moja la pamoja kati yetu.

Saa saba mchana wifi amepiga simu. Moto. Umeanzia Les Pennes-Mirabeau, nje ya Marseille, upepo unausukuma kuelekea mitaa ya kaskazini, yaani kwake. Uwanja wa ndege umefungwa. Ujumbe wa serikali umeingia kwenye simu za watu wote: kaeni ndani, fungeni madirisha. Alikuwa anatandaza mataulo yaliyoloweshwa chini ya mlango huku tunaongea, nikisikia majirani wanaitana kwenye ngazi. Nikakimbilia stesheni na begi nusu wazi. Treni za kuelekea Marseille zimesimama.

Mchana kutwa basi nimekuwa mtu asiye na la kufanya, simu mkononi. Sikuweza kuingia kwenye ukumbi wowote. Nilikuwa na tiketi ya saa kumi na moja, nikampa msichana mmoja pale stesheni. Nikatembea kuuzunguka mji kwa nje ya ukuta hadi nikajikuta mbele ya mahakama.

Sikuja kuitafuta, au labda nilikuja. Ni jengo la kawaida la kisasa, linatazamana na ukuta wa mji. Hapa, kuanzia tarehe 2 Septemba hadi tarehe 19 Desemba mwaka jana, Gisèle Pelicot aliingia kila siku mlango wa mbele. Mumewe alikuwa akimlevya dawa miaka karibu kumi na kuwaingizia wanaume chumbani, kijijini Mazan, si mbali na hapa. Wanaume 51 walitiwa hatiani, mume akapewa miaka 20. Sheria ilimruhusu mama huyo kudai kesi isikilizwe faraghani na yeye akadai milango ifunguliwe, akisema aibu ihame upande. Wanawake walipanga foleni alfajiri kupata kiti cha kusikiliza. Walibandika maneno ya kumshukuru kwenye ukuta wa mji, ng'ambo ya barabara, ili ayaone akitoka.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikifikiria foleni hiyo. Hakukuwa na tiketi, hakukuwa na mabango. Mtu mmoja alikuwa amekataa kufungiwa ndani na hadithi yake, na viti havikutosha.

Saa mbili usiku wifi amepiga tena. Moto umegeuzwa kabla haujafika kwao. Nyumba inanuka moshi, macho yanawaka, yuko salama. Amesema kesho ofisi ziko wazi kama kawaida.

Jumatano, 9 Julai

Nimelikunja hema kwa mara ya nne halijaingia kwenye mfuko wake. Treni zimeanza kupita, kwa kuchelewa.

Stesheni nimemwona kijana wa Bukavu kwa mbali, na vipeperushi, anawasubiri wanaoshuka. Amenipungia kichupa. Sikumfikia, treni yangu ilikuwa imeshaitwa.

Tulipokaribia Marseille vilima vilikuwa vyeusi, bado vinatoa moshi mwembamba mahali mahali, na kwenye behewa watu wote tukahamia upande mmoja wa madirisha. Hapo ndipo simu ikatikisika. Muscat.

Sauti ya kwanza ilikuwa fupi. "Mamdogo, nimekusikiliza mara mbili. Hao wanawake watatu, walilipwa?"

Nikamwandikia kwamba kwenye tamasha rasmi la huku wasanii huwa na mkataba, na wanalipwa.

Akatuma dole gumba. Kisha: "Na wewe kuingia ulitoa ngapi?"

Kama euro 30, nikamwandikia.

Ikakaa kimya kidogo. Nilimwona anaandika, anaacha, anaandika. Halafu ikaja sauti, sekunde nane, na nusu yake ni kicheko, kile cha dada yangu kabisa, kinachoanzia puani.

"Rial kumi na tatu na nusu," akasema. "Mamdogo, hiyo siku nne na nusu."